Kaunta buku ya kwaya mbili, kwa kazi ya kuilea nafsi

Shajara za jalada la ngozi bandia zimejaa madukani, zenye maneno ya hamasa kila ukurasa na utepe wa dhahabu wa kuwekea alama. Programu za simu za kuandikia hisia nazo ni nyingi. Hata hivyo, kwa mtu anayetaka kuilea nafsi yake katika maisha ambayo sadaka, harusi, msiba na hata ibada hufanywa mbele ya kamera, bidhaa ninayoipendekeza ni ya bei nafuu na haina urembo wowote: kaunta buku ya kwaya mbili, ya mistari.

Ni lile daftari kubwa la jalada gumu ambalo mwenye duka huandikia wadaiwa, mlinzi wa getini huandikia wageni, na mweka hazina wa kamati ya harusi huandikia nani kaahidi kiasi gani na nani kalipa. Kazi hiyo ya tatu ndiyo hasa inayolifanya lifae. Kwa wengi wetu, hiki ndicho kitabu ambacho watu hutupimia: jina, ahadi, kilicholipwa, salio. Katika michango ya harusi Tanzania, mstari huo ndio unaoamua kama utaletewa kadi ya mtu mmoja au ya wawili; msibani, mara nyingine husomwa hadharani. Daftari lilelile linaweza kubeba hesabu ya aina nyingine, ambayo msomaji wake ni mmoja tu.

Kwanza daftari lenyewe, kwa sababu matoleo hayalingani. Kwaya ni kipimo cha unene. Kwa kawaida kwaya 1 ni kurasa 96, kwa hiyo kwaya 2 ni kurasa 192, kwaya 3 ni 288 na kwaya 4 ni 384. Ukubwa uliozoeleka ni A4, yaani sentimita 21 kwa 29.7. Karatasi huwa nyembamba kuliko ya fotokopi: ya fotokopi ni gramu 80 kwa mita ya mraba, za kaunta buku nyingi ziko karibu na 60. Ukipiga hesabu, karatasi za kwaya 2 peke yake ni kama gramu 360, na za kwaya 4 ni kama 720, bila jalada. Uzito huo una maana. Daftari linaloumiza mkono kulitoa sandukuni halitatolewa usiku ukiwa umechoka.

Kitu cha kwanza kukagua dukani ni mgongo. Kaunta buku iliyotengenezwa vizuri ni vifungu vya karatasi zilizokunjwa katikati, vikashonwa kwa uzi, vikapakwa gundi, kisha mgongo ukavishwa kitambaa. Fungua mahali ambapo kifungu kimejikunja katikati, uzi utauona. Kama umepekua daftari zima hujaona uzi popote, hilo limebandikwa kwa gundi tupu. La gundi tupu ukililaza wazi mezani hulia, na baada ya miezi michache kurasa huanza kuchomoka mojamoja, upesi zaidi likikaa kwenye gari juani, kwa kuwa gundi hiyo hulainika kwa joto. Kwa madeni ya duka si hasara kubwa. Kwa kazi hii ni hatari, maana ukurasa unaochomoka ni ukurasa unaookotwa.

Cha pili ni kiungo cha jalada. Fungua jalada la mbele kabisa, mpaka liguse meza, utazame ile karatasi ya ndani inayounganisha jalada na kurasa. Ikiwa imekwisha kupasuka au imebanduka pembeni daftari likiwa bado jipya, jalada halitamaliza mwaka. Cha tatu, hesabu kurasa za kifungu kimoja, uzidishe kwa idadi ya vifungu. Isipokaribia 192, unene uliolipia haupo. Haya yote ni ya dakika mbili, na muuzaji mzuri hatakasirika. Epuka kwenda Januari shule zinapofunguliwa: maduka hujaa wazazi na yale yaliyoshonwa ndiyo huisha kwanza.

Chagua mistari ya kawaida yenye pambizo. Ya miraba ni ya hisabati na huchosha jicho ukiandika sentensi ndefu.

Kalamu: biki ya kawaida, ncha ya milimita 1.0, au ile nyembamba ya 0.8. Wino wake ni wa mafuta, hautokezi upande wa pili wa karatasi ya gramu 60, na maji yakimwagika maandishi hubaki. Kalamu za jeli ni tamu mkononi lakini wino wake ni wa maji. Mara nyingi hutokeza upande wa pili na hutiririka daftari likilowa. Penseli inadumu, ila kurasa zinazosuguana huchafuka.

Kwa nini si shajara ya dukani? Sababu kubwa ni kwamba shajara hiyo imetengenezwa ipendeze kwa mtazamaji. Jalada lake, utepe wake, mwandiko wake wa kuchapwa, vyote vinaita picha, na picha inaita statasi. Sababu ya pili ni tarehe zilizochapwa. Ukiruka siku nne, kuna nafasi nne tupu zinazokukodolea macho, na mtu aliyekuja kutafuta unafuu anapata deni jingine. Kaunta buku haina tarehe. Ukirudi baada ya wiki mbili unaandika tarehe ya leo kwenye mstari unaofuata, na hakuna pengo. Sababu ya tatu ni yale maneno ya hamasa: yanakuambia cha kuhisi kabla hujaandika unachohisi.

Simu ina faida moja ya kweli, nayo ni kutafuta neno ulilowahi kuandika. Lakini inashindwa mahali penyewe. Facebook ilileta kitufe cha kupenda Februari 2009. WhatsApp ilileta statasi Februari 2017, inayofutika baada ya saa 24 lakini ikikuonyesha orodha ya waliokutazama. Kifaa kilichokuzoeza kwa miaka kuchungulia nani ameona hakiwezi kugeuka kwa dakika kumi kikawa mahali pa kutoonekana. Unaandika mistari mitatu, ujumbe unaingia, na tayari uko tena mbele ya watu. Madaftari ya shule ya kurasa 96 yanafaa kwa majaribio, ila pini zake hushika kutu hewani mwa pwani na ukurasa wa katikati hung'oka kwanza.

Sasa matumizi, ambako ndiko thamani ilipo.

Acha kurasa 5 za mwanzo kwa faharasa, kisha nambari kurasa zote kwa mkono, juu pembeni. Ni kazi ya kuchosha ya nusu saa, lakini daftari lenye nambari likichanwa ukurasa utajua. Kuanzia ukurasa wa 6, mbele ya daftari ni kwa ajili ya jedwali la kila wiki: kurasa mbili zinazotazamana kwa wiki moja. Kwa nyuma, geuza daftari juu chini uanze upande wa pili. Huko ni kwa maandishi marefu. Kurasa mbili kwa wiki 52 ni 104. Ukiongeza zile 5 za faharasa, zinabaki 83 kwa maandishi marefu. Pande mbili zitakutana mwaka ukiisha, na ndiyo maana kwaya 2 ndiyo saizi ya kazi hii. Kwaya 4 ni kubeba siri za miaka miwili kwa pamoja, na likipotea zimepotea zote.

Ukurasa wa kushoto, piga mistari minne ya wima kwa rula ili upate safu tano. Vipimo vinavyoenea kwenye A4: sentimita 2.5 Tarehe (pambizo linatosha), 6 Jambo, 4 Macho ya nani, 3.5 Gharama, 5 Pasipo watu.

Jambo ni tendo moja la siku hiyo ulilolifanya, au uliloliacha, huku ukiwa na mtazamaji kichwani. Usiandike tabia, andika tendo. "Nina kiburi" haina msaada wowote. "Nimenunua kitambaa cha sare ya kicheni pati" ina msaada. Macho ya nani: mtu au kundi mahususi, kwa herufi za kwanza au kwa cheo, kama vile shemeji, kundi la tuliosoma pamoja, majirani wa upande wa bomba. "Watu" hairuhusiwi katika safu hii. Kanuni hii ndogo ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko zote, kwa sababu hofu ya "watu watasemaje" hupungua nusu inapolazimika kutajwa majina. Mara nyingi watu wenyewe ni wawili au watatu, na mmojawapo mlishaacha kuzungumza.

Pasipo watu ni swali: ningefanya hivi kama hakuna ambaye angejua kamwe, wala sasa wala baadaye? Majibu ni matatu tu: ndiyo, hapana, nusu. Nusu inaandikwa na kiasi chake. Ulitoa 50,000 za mchango, ungetoa 20,000 kama jina halisomwi. Andika "nusu, 20". Gharama ni fedha, saa, au usingizi, kimoja au zaidi, kwa tarakimu.

Jaza safu ya Pasipo watu kabla ya Gharama. Ukianza na gharama, akili imeshaanza kujitetea, na jibu la swali litapindishwa ili matumizi yaonekane ya haki. Mistari isizidi mitano kwa siku, na muda usizidi dakika 10. Siku nyingi mstari mmoja unatosha. Siku isiyo na mstari haiandikiwi kitu.

Hapana si dhambi, na hili lazima lieleweke mapema, la sivyo daftari litakuharibu badala ya kukulea. Mtu ni watu. Kwenda msibani kwa sababu usipokwenda utaulizwa ni sehemu ya kuishi na wenzako, na mfiwa amefarijika vilevile. Ndiyo maana karibu na kila "hapana" weka alama ndogo ikiwa kuna aliyenufaika kweli: nyota kwa aliyenufaika, duara kwa tendo ambalo watazamaji tu ndio walipata kitu. Nyota usizisumbue. Duara ndizo za kufanyia kazi. Ukiona duara kumi kwa wiki na saba zinaelekea kwenye macho ya kundi moja la WhatsApp, umeshapata unachotafuta.

Ukurasa wa kulia ni wa mapitio ya wiki, dakika 20, Ijumaa jioni au Jumapili mchana kulingana na ibada yako. Jumlisha gharama za duara peke yake: fedha ngapi, saa ngapi, usingizi kiasi gani. Chagua duara moja, moja tu, ya kubadili wiki ijayo. Kisha andika sentensi utakayosema siku hiyo ikifika, neno kwa neno. Sehemu hii wengi huiruka, na ndipo mpango unapovunjikia, kwa sababu mtu anajua anataka kupunguza ila ulimi hauna maneno ya kusema mbele ya kamati. Sentensi nzuri ni fupi, ya heshima, na haina sababu: "Nimepokea, mama. Nitatoa 20, na Mungu aubariki ujenzi wa nyumba yao." Ukiongeza sababu umefungua mjadala. "Nina ada ya shule" hujibiwa "sote tuna ada."

Hesabu ya namna hii ina asili ya zamani. Kwa Waislamu inaitwa muhasaba, na neno linalonasibishwa na khalifa Umar bin al-Khattab linajulikana misikitini: jihesabuni kabla hamjahesabiwa. Mwanazuoni Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliifananisha nafsi na mshirika wa biashara: asubuhi unapatana nayo masharti, mchana unaichunga, jioni unakaa nayo kwenye hesabu ya faida na hasara. Kwa anayefuata njia hiyo, sharti la asubuhi liandikwe juu ya jedwali kwa maneno yasiyozidi kumi, kabla ya kutoka nyumbani. Upande wa Wakristo, padre Ignatius wa Loyola katika karne ya 16 aliagiza mistari miwili kwa kila siku ya juma, mmoja wa baada ya chakula cha mchana na mmoja wa baada ya chakula cha jioni, ukitia nukta kwa kila mara ulipoangukia kosa moja ulilolichagua, kisha unalinganisha mstari na mstari, siku na siku, wiki na wiki. Mbinu hii inaingia vizuri chini ya ukurasa wa kulia: mistari 14 mifupi, nukta kwa kila mara ulipofungua simu kutazama nani ameona. Inafaa hasa kwa anayeona jedwali la safu tano ni zito.

Maandishi marefu ya upande wa nyuma ni kwa jambo moja linalokuuma, si kwa kila siku. Utaratibu uliojaribiwa zaidi unatokana na jaribio la mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake lililochapishwa 1986: wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo kuhusu jambo zito maishani mwao, tukio pamoja na hisia, na miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Majaribio mengi yamefanyika tangu hapo, na yakijumlishwa faida ipo ila kwa wastani ni ndogo. Kwa hiyo usitegemee muujiza. Tega saa ya ukutani au ya mkononi, acha simu chumba kingine, andika bila kuinua kalamu, usirekebishe tahajia. Ukihisi jambo linakuzidi, acha hapohapo, uandike kitu kingine au ufunge daftari. Siku mbili tatu za mwanzo huzuni huweza kuongezeka baada ya kuandika. Hilo ni la kawaida. Isipopungua baada ya wiki, si kazi ya daftari tena, mtafute mshauri au daktari.

Yanayoharibika ni mengi, na karibu yote yana dalili za mapema.

La kwanza ni mtazamaji kuhamia ndani ya daftari. Mwandiko unaanza kupendeza, sentensi zinakuwa za kunukuliwa, unajieleza kama vile kuna msomaji asiyekujua. Tiba ni ya kimwili: kwa wiki moja andika kwa mkono usiouzoea, au andika maneno makavu bila sentensi. Mwandiko mbaya haumvutii mtazamaji. Dalili mbaya kuliko zote ni kupiga picha ukurasa. Picha moja ya "safari yangu ya ndani" ikishapanda mtandaoni, kurasa zote zinazofuata zitaandikwa kwa ajili ya picha ijayo. Kama imekwisha kutokea, funga daftari hilo uanze jipya. Naona hakuna njia ya kulirudisha lile la zamani.

La pili ni kufanya duara kuwa alama za mtihani. Mtu anaanza kujisifu kwamba wiki hii duara ni mbili, halafu anamhadithia rafiki. Acha kujumlisha kwa wiki nne; andika tu.

La tatu ni kuzunguka palepale. Ukikuta sentensi ileile mara tatu katika kurasa za nyuma, kuandika kumegeuka kutafuna jeraha. Badili nafsi ya kisarufi: jitaje kwa jina lako, kana kwamba unamwandikia mdogo wako habari za mtu mwingine, na swali la "kwa nini" libadilike kuwa "kesho saa ngapi, wapi, na nani." Kama hata hapo hakuna jipya, jambo hilo linahitaji mazungumzo na mtu aliye hai.

La nne huwapata wacha Mungu zaidi. Mtu akishaanza kuona jinsi ria, yaani kutenda jema ili uonekane, ilivyoenea katika matendo yake, anaanza kuacha mema: haswali tena jamaa, hatoi sadaka kanisani, kwa hofu kwamba anaonekana. Fudhail bin Iyadh, mchamungu wa karne ya 8, alionya kwamba kuacha tendo jema kwa ajili ya watu nako ni ria. Mtu aliyeacha kwa sababu ya macho bado anaongozwa na macho. Kwa hiyo duara kwenye tendo la ibada haifutwi kwa kuacha ibada. Inafutwa kwa kuongeza tendo jingine la aina hiyohiyo, dogo, ambalo hakuna atakayelijua, na hata kwenye jedwali lisiandikwe.

Kuhusu usiri, kaunta buku haina kufuli, na hiyo ni kasoro yake kubwa. Sura yake inasaidia: jalada jeusi lisilo na jina halimvutii mtu, hasa likiwekwa pamoja na stakabadhi za umeme. Usiandike "binafsi" wala "siri" juu yake. Ndani, majina yawe herufi. Tranka dogo la bati lenye kufuli linatosha nyumba nyingi, liinuliwe juu ya matofali mawili lisiguse sakafu wala ukuta, kwa sababu mchwa hupanda kutoka huko, na mende na wadudu wa karatasi hupenda gundi ya mgongo. Vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya vitupie ndani. Nafthalini usiweke chumba unacholala. Mvuke wake si wa kuvuta usiku kucha.

Anayeishi na mtu anayempiga au anayepekua vitu vyake asiandike mambo hayo katika daftari lolote la nyumbani. Hapo usalama unatangulia, na mahali pa maneno hayo ni kwa mtu wa kuaminika au dawati la polisi la jinsia.

Ukitaka kuondoa ukurasa, usiuchane. Katika daftari lililoshonwa, kila karatasi ni nusu ya karatasi ndefu iliyokunjwa. Ukiing'oa moja, mwenzake wa upande wa pili wa kifungu hubaki bila cha kumshika na utachomoka baadaye. Kata kwa wembe ukiacha kisiki cha sentimita 2. Na daftari lililojaa ambalo hutaki kulihifadhi haliungui likiwa limefungwa, kwa kuwa hewa haipiti kati ya kurasa. Ukiliacha motoni utakuta kesho yake katikati pamesomeka vizuri. Ng'oa jalada, kata uzi, tenganisha vifungu, uchome kimoja kimoja.

Kasoro nyingine ni ukubwa. A4 haiingii kwenye mkoba wa kawaida, wala huwezi kuandikia kwenye daladala. Kwa mtu anayelala chumba kimoja na wengine, kama mwanafunzi wa bweni, ipo kaunta buku ya A5 yenye jalada gumu vilevile, ambayo huenea chini ya nguo kwenye tranka. Upana wake ni sentimita 14.8, kwa hiyo safu tano hazikai. Tumia tatu: Tarehe 2, Jambo na macho ya nani pamoja 8.8, Pasipo watu 4, na gharama iandikwe ndani ya mstari wa Jambo. Kurasa hujaa upesi zaidi, kwa hiyo hapo chukua kwaya 3 ikiwa ipo.